Vifaranga wa Jua la Kitengela

Mayai yangu ya kwanza yaliharibika yote kwa siku moja. Stima ilipotea asubuhi, mashine ya kuangulia ikapoa, na iliporudi kesho yake hakuna yai lililokuwa na uhai. Niliyazika nyuma ya nyumba nikilia. Mume wangu, anayechonga mawe machimboni, alinihurumia.

"Wachana na hii kazi," akasema. "Rudia cherehani yako."

Sikuacha. Nilinunua paneli mbili za sola na betri, nikaita fundi. Akaja mwanamke Mmaasai kutoka Illasit, amevaa ovaroli, ngazi begani. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Kitui, alimtazama akipanda kwenye mabati.

"Huyu ataweza kweli?" akaninong'oneza.

Mimi nilitaka paneli zikae upande wa barabara, watu wazione. Fundi akacheka kule juu.

"Mama, hapo kivuli cha tangi kitazifunika kuanzia saa nane. Unataka kuonekana ama unataka vifaranga?"

"Vifaranga," nikasema kwa aibu.

Akazifunga upande wa kaskazini, zimeinama kidogo, mbali na tangi.

Nikaweka mayai mengine. Kifaranga huchukua siku ishirini na moja. Siku ya kumi na tisa transfoma ya mtaa ikalipuka, tukabaki gizani sote, ila mashine yangu ikaendelea kunguruma. Majirani wakaleta simu zichajiwe, nami nikawapokea kwa mikono miwili.

Kesho yake kukawa na mawingu mazito. Betri ikaanza kushuka. Nilichomoa simu zote za watu, nikazima taa na redio, nikawaambia wenyewe, "Mnisamehe, leo ni ya mayai peke yake." Mmoja aliondoka amenuna. Nilishinda nimekaa kando ya mashine, nikichungulia kipimajoto. Saa tisa mawingu yakafunguka na jua likapiga mabati mpaka yakalia. Betri ikapanda. Niliketi sakafuni nikavuta pumzi.

Siku ya ishirini na moja, stima bado haijarudi, mama mkwe aliweka sikio kwenye kifuniko cha mashine.

"Kuna kitu kinalia humu!" akapiga kelele. "Njoo! Kinalia!"

Nilipofungua, ganda la kwanza lilikuwa limetoboka, mdomo mdogo ukijitokeza. Kufikia jioni walikuwa hamsini na wawili, manyoya yamekauka, wanakanyagana. Mama mkwe alipiga vigelegele hadi majirani wakajaa mlangoni, hata yule aliyenuna. Mume wangu aliingia mweupe kwa vumbi la mawe, akapokea kifaranga mmoja kiganjani.

Nilimpigia fundi simu. Sikumwamkia. Niliishikilia tu simu juu ya boksi lenye vifaranga.

Kisha nikamsikia akiwaeleza mafundi wanawake wenzake kwa Kimaa, na wote wakashangilia.