Jibu Langu Lilivyonitangulia Ukumbini

Mwaka 2024, mwanzoni mwa msimu wa korosho, nikiwa na umri wa miaka hamsini na minne, nilijifedhehesha mbele ya wazee watatu waliovaa kanzu zilizopigwa pasi, na kwa kuwa mkasa huu umekwisha kusimuliwa Kibiti nzima na watu ambao hawakuwepo, tena kwa nyongeza (wapo wanaodai nilizimia, sikuzimia), nimeona niuandike mwenyewe, kwa mpangilio na kwa tarehe zake.

Wakati huo nilikuwa mjane. Mume wangu, Mungu amrehemu, alifariki Alhamisi tarehe 9 Machi 2017, na tangu hapo nilijizoesha kuendesha nyumba bila kumwomba mtu msaada. Naomba hilo lizingatiwe, maana ndilo lililoniponza. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na mitatu, darasa moja na wasichana wa umri wa binti yangu, na mtu aliyeisaka elimu kwa shida namna ile huwa hapendi kuambiwa kwamba kuna jambo limemzidi.

Sasa, kule Bungu kulikuwa na Bwana Salumu, mkulima wa korosho, naye amefiwa na mkewe. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima, na katika mkutano mmoja, nilipokwisha kusoma muhtasari, alinyoosha mkono akaomba nirudie aya ya pili. Nilidhani nimekosea, kumbe ameipenda ilivyoandikwa. Nimewahi kusifiwa mapishi, nimesifiwa na heshima, lakini aya hakuna aliyewahi kunisifia. Basi alipozungumza na kaka yangu Athumani wa Ruaruke kwamba angependa kuleta posa, na siku ikapangwa, Jumamosi tarehe 21 Septemba, moyoni mwangu hamkuwa na la kufikiri.

Kichwani, hata hivyo, nilikuwa na mpango. Mwari akiulizwa kuhusu mume hunyamaza, na kimya chake huhesabiwa kuwa ridhaa. Mjane sharti atamke kwa kinywa chake. Niliona si heshima mwanamke wa hadhi yangu atamke siku ya kwanza, kana kwamba alikuwa amekaa kizingitini akiwasubiri. Nikaamua kwamba mara ya kwanza nitaomba muda, mara ya pili nitasema nashauriana na wanangu, na mara ya tatu ndipo nitakubali.

Ukumbini nilikuwa na runinga kubwa pamoja na sabufa yake, zawadi ya binti yangu Mwanaidi anayefanya kazi Mtwara. Tatizo ni kwamba ruta ya intaneti ilikuwa chumbani kwangu, nyuma kabisa, kwenye dirisha linalotazama uani, kwa sababu ni hapo tu inapokamata mtandao vizuri, na kuta za nyumba yangu ni nene (marehemu hakuwa bahili wa saruji), hivyo mawimbi yalikuwa yakifika ukumbini yamekwisha kuchoka. Fundi alitaka kuvuta waya wa mita ishirini na tano, utoke chumbani, ufuate korido, uvuke milango mitatu. Nilimjibu kwamba nyumba hii si kibanda umiza cha kuonyeshea video, na kwamba wazee wa watu hawatajikwaa kwenye waya wangu siku ya posa. Jumatano tarehe 18 nikanunua vile vifaa viwili vya kuchomeka kwenye soketi: kimoja unakiweka kando ya ruta, cha pili nyuma ya runinga, na intaneti inasafiri ndani ya nyaya zilezile za umeme zilizomo ukutani. Nilisoma kijitabu chake kurasa zote, nikafunga mwenyewe, ikakubali mara moja. Nikamwonya Kaka Athumani, na kila aliyeingia, asiguse kitu. Hata rimoti niliitia mkobani mwangu nikafunga zipu.

Furaha yangu ilikuwa kwamba sasa, nikiwa uani kwenye banda la kupikia, naweza kutumia simu kurusha chochote kule mbele. Wanaume wangekaa ukumbini, sisi wanawake tungekuwa uani kama ilivyo desturi, lakini wageni wangepokelewa na kisomo cha Kurani, maandishi yake yakionekana kwenye runinga, nami sionekani. Nikabonyeza. Nilichokibonyeza ni kurusha skrini yote ya simu badala ya kisomo peke yake, na tofauti hiyo nilikuwa siijui (kijitabu kiliishia kwenye soketi, mambo ya simu hakikuyagusa).

Wazee walifika baada ya alasiri, wakiongozwa na mshenga, Mzee Jongo. Kisomo kilikwenda vizuri mpaka mwisho, nami nikaamini kwamba kikiisha, kila kitu kimeisha. Nikakaa kigodani kusubiri kaka aje kuniuliza jibu. Wakati ninasubiri, nikamrekodia Mwanaidi ujumbe wa sauti, nikiwa nimesogea mbali kidogo ili jirani yangu Siwema, aliyekuwa akigeuza pilau, asisikie. Nilisema hivi: "Mwanangu, wamekuja. Leo naomba muda, wakirudi nitasema nashauriana na ninyi, mara ya tatu ndiyo nitakubali, wasije wakasema mama yako kajirahisi. Lakini kwa kweli mimi nimekwisha hamia Bungu, hata kabati langu nimekwisha lipangia ukuta wa kuliweka."

Mimi situmi barua bila kuisoma tena, na ujumbe wa sauti ni vivyo hivyo. Nikaufungua niusikilize. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho, nikaanza tena tangu "Mwanangu".

Siwema akainua kichwa. "Mama Mwanaidi, huko mbele kuna mwanamke anahutubia."

Nikamwambia hilo ni tangazo la biashara, siku hizi matangazo hayana adabu, yanaingia hata kwenye kisomo. Akasema mbona tangazo lenyewe linazungumzia kabati. Nikamjibu kwamba makabati nayo yanauzwa.

Kwa kuwa nilidhani simu imeharibika sauti, nikaamua kumwandikia Mwanaidi kwa kifupi. Yaliyotokea ukumbini nilisimuliwa na kaka baadaye. Alisema sauti yangu ilipotoka kwenye sabufa mara ya kwanza, wazee waliinamisha nyuso kwa adabu. Mara ya pili, tende zilibakia mikononi. Kaka alitafuta rimoti chini ya mito yote ya makochi. Kisha maandishi yakaanza kutokea kwenye runinga, herufi moja moja, na Mzee Jongo, ambaye macho yake hayana nguvu, akamwomba mwenzake, Mzee Ngwele, amsomee.

"Nimekubali," akasoma Mzee Ngwele.

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Jongo.

"Subiri, anaendelea. Lakini wasijue."

Kaka alikimbia mpaka mlango wa uani, akasimama hapo akipiga hodi, kwa maana hawezi kuingia kwa wanawake kabla hawajajistiri, nasi tukachukua muda wetu kutafuta mitandio. Nilipokwenda mlangoni, jasho lilikuwa linamtiririka.

"Mdogo wangu, zima hiyo simu. Wanasoma."

"Wanasoma nini?"

"Wanakusoma wewe."

Nilizima. Nikaenda kusimama nyuma ya pazia la ukumbini, nikatoa salamu. Mzee Jongo alisema kwa upole kwamba wao walitumwa kupokea jibu kutoka kinywani mwangu kupitia kwa kaka yangu, hawakutumwa kunisikiliza nikizungumza na mwanangu, kwa hiyo walichokisikia si jibu na hawawezi kulichukua. Mzee Ngwele hakuwa mpole. "Tutoke Bungu mara tatu," akasema, "kwa ajili ya maringo." Wakaaga. Pilau likabaki sufuriani halijapakuliwa, na kwetu mgeni wa posa akiondoka bila kula, mtaa mzima unajua kabla ya magharibi.

Siku sita zikapita, hakuna salamu wala mjumbe. Kaka alishauri tutulie, mwanamke hamfuati mposaji. Lakini nilijua kabisa kwamba nikitulia kwa ajili ya heshima nitampoteza mtu huyu kwa ajili ya heshima hiyohiyo, na Ijumaa tarehe 27 nikaandika barua fupi: kwamba wazee wake hawakustahili kuchezewa, kwamba kosa si la mashine bali ni langu, na kwamba niliyoyasema kwa binti yangu yalikuwa kweli. Nikampa kaka aipeleke Bungu.

Jumapili tarehe 29 Mzee Jongo akaja peke yake. Akakaa, akanywa maji, akasema: "Bwana Salumu anasema ana haraka ya kuoa, lakini hana haraka ya kukuvunjia heshima. Ulitaka mara tatu. Moja imekwisha."

Wakaja Jumamosi tarehe 5 Oktoba, wote watatu, wakauliza kana kwamba hawajawahi kuniona wala kunisikia. Kaka akaniletea swali, nami nikajibu kwamba naomba nishauriane na wanangu. Mzee Ngwele akaniombea ushauri mwema kwa uso mkavu kiasi kwamba Siwema alilazimika kwenda kucheka bandani. Siku hiyo walikula, tena Mzee Ngwele aliongeza.

Tangu hapo nimejiwekea sharti: kabla sijasema neno lolote karibu na simu, naangalia kwanza imeunganishwa na nini. Fundi akipita mtaani kwangu namwitikia salamu, ila siongezi mazungumzo, maana yaliyonipata baada ya kufunga vifaa mwenyewe anayajua, nami najua kwamba anajua.

Jumamosi tarehe 19 Oktoba 2024, saa kumi na dakika ishirini jioni, wakaja mara ya tatu. Nilikuwa nimeiandaa sentensi yangu kwa wiki nne, nzuri, yenye mwanzo na mwisho, lakini kaka aliponiuliza mbele ya pazia, ikatoka sauti ndogo kama ya mwari. Mzee Ngwele akasema samahani, hawakusikia. Ikabidi niliweke pazia kando, niwatazame wazee wa watu machoni, na nitamke kwa sauti kamili: nimekubali. Mzee Jongo akaitikia kwamba sasa wamesikia, na kaka akasoma Fatiha.