Mguu wa Kabula

Niseme la aibu kwanza, mwanangu, lipite: niliwahi kumfunga binti yangu mguuni kwa kamba ya maksai, ncha nyingine kwenye mguu wa meza, ili atulie asome. Halafu nikamsahau.

Nakumbuka siku ile vizuri. Kabula alikuwa na miaka minane na nyumba yetu ina kelele kuliko zizi. Leo imetulia mpaka naongea na kuku. Siku zile ukimtuma maji, anarudi na kinyonga, ndoo kaiacha njiani. Ukimwambia asipande kwenye bati, yuko juu ya bati. Mwalimu wake alisema hakai kwenye dawati hata mpaka majina yaishe kuitwa. Na mimi, niliyeacha darasa la tano katikati kwa sababu niliona watu dirishani wanaswaga ng'ombe nikawafuata, nikauliza huyu katoa wapi mambo haya. Nyani haoni kundule.

Basi, nikafunga kamba. Nikatoka mara moja tu kwa jirani yangu Luhende. Luhende alikuwa anakwenda mnadani Tinde, nami nikaenda. Kule nikakaa nabishania meno ya dume la ng'ombe, lina umri gani, ambalo hata sikutaka kulinunua. Nilipokumbuka, jua limeinama.

Nilikimbia njia nzima. Ndani hakuna mtoto, hakuna meza. Mburuzo umepita uani, ukakata shamba la pamba, ukaenda mpaka kwa mama mkwe wangu. Mtoto yule kaburuta meza, mwanangu.

Mama mkwe alikuwa kauweka mguu wa Kabula mapajani, anaupaka samli. Kamba ilikuwa imekula ngozi. Nikapiga goti, shikamoo mama. Marahaba sikuisikia.

"Baba Kabula," akasema, "maksai mpya unamfundishaje kulima?"

Hilo nalijua. Nikachangamka, mjinga mimi. "Unamfunga nira na maksai mzee, mama. Kwanza anatembea tu, bila plau. Kesho yake anavuta mara moja, kwenda na kurudi, anapumzika. Ukimchosha analala chini."

"Akilala unampiga?"

"Aa, ukimpiga atakuchukia. Unamsubiri. Unamwita jina taratibu."

"Kumbe unajua," akasema. "Huyu atabaki hapa."

Na Kabula hakulia kunifuata. Aliingia nyuma ya ghala. Nilikwenda kila siku, wiki mbili, na kila akiniona, ghala. Hapo ndipo utani uliniisha. Niliogopa nimeshampoteza.

Siku moja nikachukua daftari lake, nikakaa chini pale uani nikaanza hesabu zake. Ya kwanza ikanishinda. Nikainuka kuangalia kuku, nikarudi, ikanishinda tena.

"Saba mara nane si hamsini na nne, baba," sauti ikatoka nyuma ya ghala.

"Ni ngapi?"

"Sita. Hamsini na sita. Hata kukaa huwezi."

Akaja, akakaa mbali kidogo. Tukafanya mbili, tukakimbiza mbuzi, tukarudi tukafanya mbili nyingine. Mama mkwe alituangalia mpaka jioni. "Ng'wanawane, mwanangu," akamwambia Kabula, "unataka kwenda nyumbani?" Akamuuliza yeye, si mimi. Kabula akafikiri sana, kuliko alivyowahi kufikiri darasani, akasema ndiyo.

Basi mwanangu, wanasema samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini mtoto si samaki. Wako asiyetulia mpe neno moja kwa wakati mmoja na kazi fupi, ukae naye bega kwa bega, umwache akimbie kidogo, arudi. Mbishi usishindane naye kila kitu. Shikilia ya hatari tu, moto na kisima, mengine mwachie ashinde naye ajisikie mtu. Ukikwama, muulize mwalimu, nenda hospitali, siku hizi wapo wanaowajua watoto hawa. Si aibu. Aibu nimeshaimaliza mimi. Mungu akupe kifua kipana, awakuze wanao, na akupe nyumba yenye kelele wakati bado ina watu.

Jioni ile tuliporudi, Luhende alikuwa mlangoni kwake. Alituangalia tukipita. Kesho yake ndipo akaniambia, "Jana nimewaona mnatembea. Siku zote nilikuwa nawaona mnafukuzana."