Sauti Iliyokatikia Upenuni

Siku niliyomkosea Bi Mwanaesha naikumbuka hata leo, mwanangu, na nakuhadithia kwa kuwa naona nawe unaelekea huko huko nilikopita mimi.

Nilikuwa mwanamke kijana hapa Chovai, nimeolewa mwaka ule ule. Mjomba wangu Lali, fundi wa mashua, alikuwa ameletewa simu ya setilaiti, ya pekee kisiwani. Kwa kuwa mimi nilijua kusoma, akanikabidhi niwapigie watu. Alinieleza kwamba sauti inapanda hadi kwenye setilaiti huko juu, ndipo inashuka kwa anayepigiwa. Sharti lake lilikuwa moja: nisimame uwanjani, pasiwe na kitu kati yangu na mbingu.

Bi Mwanaesha, jirani yetu mjane, alikuja adhuhuri. Mwanawe Shee alikuwa Mombasa, na walikuwa hawasemezani tangu mama alipomkataza kuoa mwanamke aliyempenda, naye akaoa. Masikio ya Bi Mwanaesha yalikuwa mazito, kwa hiyo aliniomba nimsemee. Nimwambie Shee kwamba radhi za mama anazo, na kwamba mama anaomba asamehewe kwa maneno aliyoyatamka.

Shee akapokea, nikamfikishia. Jua lilikuwa kali, mchanga unaunguza nyayo, nami huku nikisema nikajisogeza chini ya upenu wa bati. Simu ikawa kimya. Niliita mara mbili, sikusikia kitu. Nilijua kosa ni langu, ila nilikuwa na haraka, wenzangu wananingoja tusukane, na kurudi juani kupiga upya nikaona uvivu.

"Amenyamaza, Bi Mwanaesha," nikamwambia.

Nilijipa moyo kwamba sikusema uwongo. Mama wa watu akakunja leso yake, akanishukuru, akaenda zake. Asante ile ilinichoma baadaye kuliko matusi.

Siku kumi hakutoka nje. Mjomba alikwenda kumjulia hali, aliporudi akaniuliza nilisimama wapi siku ile. Nikamwambia kweli. Hakunipigia kelele.

"Huyo mchu hakunyamaza, mwanangu," akasema kwa Kibajuni chetu, mchu ndiye mtu. "Wewe ndiye uliyemfunika kwa bati. Nenda kamwambie mama yake kwa kinywa chako."

Kutoka kwetu hadi kwake ni nyumba tatu tu, na sijapata kutembea mwendo mrefu kama ule. Nilimkuta amelala, kaelekea ukutani. Nikapiga magoti, nikamwambia yote karibu na sikio lake. Akanishika mkono, tukatoka pamoja hadi uwanjani kwetu, nikapiga simu upya.

Shee alipokea upesi. Kumbe siku ile alikuwa akizungumza huku analia, laini ilipokatika akadhani mama amemkatia. Mkewe alikuwa amejifungua binti juzi yake, naye Shee alitaka mama yake ndiye ampe mtoto jina. Siku ya saba ikafika hana jibu, wakwe zake wakampa jina wao.

Nilimweleza Bi Mwanaesha hayo machozi yakinitoka. Hakunilaumu. Akasema, "Mwambie mimi nitamwita Barke. Lao liwe la shuleni, langu liwe la mapajani."

Alimpakata mjukuu huyo mara moja tu, mwaka uliofuata, kisha akatangulia mbele ya haki. Mimi bado nazihesabu zile siku kumi.

Leo setilaiti zimejaa huko juu, nanyi mnazungumza na dunia nzima mkiwa vitandani. Lakini jana nimekuona umekunja uso kwa sababu dada yako aliyeko Nairobi amesoma ujumbe wako na hajajibu. Umeshamhukumu. Mwanangu, kimya cha mtu usikijazie maneno yako. Hujui ni kitu gani kimeziba kati yenu, na pengine umekiweka wewe. Mpigie tena. Na ukiharibu neno ulilotumwa kufikisha, mrudie mwenyewe siku ile ile, hata kama uso unawaka kwa haya. Usingoje utumwe kama nilivyotumwa mimi.

Mola akupe subira ya kusikiliza, akuchungie ulimi wako, na wote uwapendao walio mbali akukutanishe nao mkiwa hai, nyoyo zenu zikiwa safi. Amina.