Kidole Ntakificha Wapi

Mama yangu hajapata kutia saini maishani mwake. Kurani anasoma, tena kwa sauti ya kumliza mtu, lakini kalamu hakufundishwa. Alichokuwa nacho ni muhuri: kipande cha fedha, kidogo kama kokwa ya tende, kimechongwa jina lake na la baba yake, naye kakifunga kwenye ncha ya kanga. Muhuri huo ulisajiliwa serikalini zamani, na cheti chake kimetiwa fremu, kimetundikwa ukumbini kwetu Darsait, hapa Maskati, pembeni ya picha ya marehemu baba. Ukimwambia mama athibitishe kuwa yeye ndiye yeye, anafungua fundo.

Na kuugonga si jambo la haraka, toba! Kwanza ananiita mimi, namsomea karatasi. Halafu mimi natolewa nje, anaitwa kaka yangu, anasoma ileile. Maneno yakipishana hata kidogo, muhuri unarudi kwenye kanga na sote tunafukuzwa. Yakiafikiana, anaupulizia pumzi, anasema bismillahi, anagonga. Mimi nilikuwa napandwa na hasira.

"Mama, unatufanya wezi?"

"Sijasema. Nnakusikilizeni tu."

Basi ikaja habari kuwa mihuri ya watu haitakubaliwa tena, kila mtu akasajili kidole. Mimi nilifurahi, sifichi. Njiani kwenda ofisini, Khuwair ya Kusini, nilimhubiria mama mpaka akafungua dirisha la gari. Muhuri unapotea, nikamwambia. Unaibiwa. Fundi yeyote anakuchongea mwengine kama huo. Lakini kidole umezaliwa nacho, nani atakuibia?

Karani, binti mwenye adabu zake, akamshika kidole gumba, akakibonyeza kwenye mashine, akasema, "Khalas, ummi," yaani tayari, mama. Mama akakitazama kile kidole, akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili ili karani asisikie:

"Muhuri nnaweza kuuficha. Kidole ntakificha wapi?"

Karani akaangua kicheko. Kumbe na yeye bibi yake katoka Unguja! Maskati hii huwezi kumsengenya mtu. Tukacheka wote, isipokuwa mama.

Haukupita mwaka, akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea wote, na ulimi ukawa mzito. Hospitali walimpa dawa za usingizi, na mimi na kaka tukawa tunapokezana kukaa naye.

Siku moja, baada ya alasiri, nilitoka kwangu Ghubra na chupa ya uji. Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Mama kalala, macho kayafumba; kaka amekaa kitandani pake, amenipa mgongo. Mkono mmoja kashika simu ya mama, na mkono wa pili kashika kidole gumba cha mama, cha mkono wa kulia, ule mzima. Anakifuta kwa leso. Kisha akakiinamia, akakipulizia pumzi, vilevile kama mama alivyokuwa akiupulizia muhuri wake.

Kutoka pale mlangoni nilikuwa nakiona kioo cha simu juu ya bega lake: nyumba ya Darsait, idhini ya kuuza, weka kidole hapa. Nyumba ile kaka alikuwa anataka iuzwe, siku nyingi, na jawabu la mama halikubadilika hata siku moja: "Nikifa uzeni. Nikiwa hai nnalala kwangu."

"Unafanya nini?"

Akaruka. "Nnamfuta jasho."

Jasho la kidole gumba! Yarabi! Chupa ilinitoka mkononi, uji ukatapakaa chini. Nikamnyang'anya simu.

"Biashara yangu imekwama," akasema, machozi yanamtoka. "Na mama mwenyewe keshakubali, moyoni mwake."

"Moyo wake umeusoma mara mbili?"

Huyu ni kaka yangu, aliyenibeba mgongoni utotoni mvua ikijaza maji bonde la wadi. Kama angekuwa mtu baki ningepiga kelele jengo zima likaja. Kwa kaka yangu sauti haikutoka. Nilipiga magoti nikapangusa uji, simu nimeibana kwapani.

Mpaka leo sijaamini. Na wakubwa wakiniuliza kama walifanya sawa kuiondosha mihuri, ntawaambia wairudishe, na vyeti vyake, kwa anayeitaka. Wao wanamuogopa mwizi wa mbali. Mashine inaulizwa: hiki ni kidole chake? Nayo inasema kweli, ni chake. Haijui kuuliza kama mwenyewe yu macho. Muhuri wa mama, kabla ya kugonga, ulimpa nafasi ya kusikiliza, na ya kusema sitaki.

Mama alipata nafuu, akarudi Darsait. Anasema polepole, lakini anasema. Hatukumwambia kitu. Kaka anakuja, anambusu kichwani, anakaa mbali.

Ila kuna jambo. Akijinyoosha baada ya chakula cha mchana, anakunja ngumi ya mkono wa kulia, kidole gumba kakificha ndani, vidole vingine vimekifunika. Nilidhani ni maradhi. Daktari akasema hapana, mkono ule hauna lolote.

Juzi nilikaa pembeni yake, macho kayafumba. Nikaushika mkono wake kama nilivyozoea tangu mtoto. Ngumi ikazidi kukaza.

"Mama, ni mimi."

"Nnajua," akasema, na hakuifungua.