Mkulima wa Mwani

Vidole vyake havikutulia. Haitham, mwenye duka la kuchapa pale Madungu, alimjua mkulima wa mwani kwa vidole hivyo, vilivyokauka kwa chumvi: kila mama huyo akikumbuka kifungu cha sheria hufunga fundo hewani, kama afungavyo mwani kwenye kamba. Alizoea kuja kuchapisha maswali ya mitihani ya sheria ya miaka iliyopita, akayasoma palepale kwa sauti nzito isiyojali nani anacheka. Siku alipokuja kujiandikisha kwa mtihani wa kuingia chuo cha sheria, Haitham, penye kazi kwenye fomu ya mtandaoni, aliandika “mama wa nyumbani”, akidhani anamsitiri.

“Futa,” mama akasema. “Mama, watakudharau,” Haitham akamwonya. “Wanidharau wakitaka. Mtihani wa sheria siuanzi kwa uongo, mwanangu.” Haitham akafuta, akaandika “mkulima wa mwani”, na mama akamtaka ayasome maneno hayo kwa sauti, foleni nzima ya wateja isikie. Kisha akauliza tarehe ya mtihani, akaihesabu kwa vidole. Iliangukia bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, siku za kuvuna zisizopotezwa na mkulima yeyote. Vidole vikatulia. “Mwani utaningoja,” akasema, akabonyeza kitufe cha kutuma kwa mkono wake mwenyewe.