Kupunga Hadi Kwenye Kona

Katika mtaa wa Bi Edna Schofield, pale Oldham, mgeni husindikizwa kwa macho: unasimama mlangoni, unapunga mkono mpaka apotee kwenye kona. Ukiingia ndani kabla ya hapo, ni kama umemfukuza.

Siku mwanawe Keith alipohamia Kanada, mizigo ikiwa tayari imepakiwa kwenye teksi, Bi Edna alikumbuka sandwichi za safari alizozisahau jikoni. Akazikimbilia. Alipotoka nazo, teksi ilikuwa imeshakata kona.

Tangu hapo haondoki mtu pale bila kupungiwa. Kasisi, muuza samaki, hata msoma mita ya gesi.

"Edna, rudi ndani bwana, unatuingizia baridi," mumewe Wilf hufoka kutoka kwenye kiti chake. "Huyo anaenda nyumba ya tatu tu. Hahamii Kanada."

"Kunywa chai yako."

"Na yako imeshapoa."

"Kwani inakuuma wewe?"

Kila Jumapili Keith hupiga simu. Huzungumza habari za theluji na za watoto, halafu huaga, na Wilf hurudi kwenye mpira wake. Bi Edna hakati simu kwanza. Humwachia Keith akate, naye hubaki ameishikilia sikioni, akisikiliza ule mlio mtupu. Husimama hivyo kwenye ukumbi wake mwembamba, uso ameuelekeza mlangoni, na ule mkono usio na simu huinuka wenyewe, ukapunga.