Neno Nililomwandikia Dereva

Dereva wa lori la shule yetu alikuwa mtu wa Tseikuru, mzee mpole wa maneno machache. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, na nusura nimfutishe kazi kwa neno moja.

Shule iko nje kidogo ya Kathonzweni. Jumamosi moja alikuwa akiwarudisha wasichana kutoka michezoni Kasikeu. Jua lilikuwa kali, hakuna wingu. Walipofika kwenye mto mkavu, magurudumu ya mbele yakiwa yameshaingia mchangani, aliweka rivasi ghafla akarudi nyuma kwa kasi. Lori liligonga ukingo, taa za nyuma zikavunjika, na msichana mmoja akaanguka akavunjika mkono. Wenzake walikuwa bado wanapiga mayowe maji ya mvua iliyonyesha mbali yalipokuja, mekundu, yamebeba magogo, yakapita palepale lori lilipokuwa.

Ungedhani atashukuriwa. Lakini mtoto alikuwa ameumia, na bodi ya shule ikataka maelezo ya maandishi, kwa Kiingereza.

Alinijia katika chumba cha walimu. "Mwalimu, hebu nisaidie kuandika. Kizungu changu ni cha salamu tu."

"Ulifanya nini, mzee?"

"Sikufikiria. Nilijipata nimesharudi nyuma."

Nilikuwa na rundo la karatasi za mtihani za kusahihisha. Nikaandika haraka kwamba alirudi nyuma "impulsively". Lilisikika neno zito, la msomi. Akatia sahihi bila swali, maana aliniamini.

Siku ya kikao niliitwa kutafsiri. Mwenyekiti aliisoma ile sentensi mara mbili.

"Anakiri mwenyewe," akasema. "'Impulsively.' Maji kuja baadaye ni bahati. Dereva wa pupa hatuwezi kumwachia watoto."

Pupa! Na mwenyekiti alikuwa amelielewa neno vizuri kuliko mimi niliyeliandika. "Impulsively" ndivyo atendavyo mtu anayemtukana mkubwa wake kisha akajuta. Dereva alikuwa akinitazama, akingoja nimwambie wanasema nini.

Nikasimama. "Mwenyekiti, neno hilo ni langu, si lake. Nilikosea."

"Basi lake ni lipi?"

Maneno yalinijia kwa mkupuo. "Automatically" lingemfanya mashine, kama mkono unaozima taa kwa mazoea. "Intuitively" lingemfanya mtu aliyetulia akahisi jambo moyoni, na yeye hakuwa na nafasi ya kutulia. "Instinctively" ndilo lililokaribia: machale yanakucheza, mwili unatangulia kichwa. Nilitaka kulitamka, kisha nikagundua kwamba tangu mwanzo sikuwahi kumuuliza vizuri.

"Mzee, kabla ya kuweka rivasi, uliona nini?"

"Punda," akasema. "Kulikuwa na akina mama wanachota maji kwenye mashimo ya mchanga. Punda wao waliinua vichwa, wakaacha maji, wakapanda ukingo bila kufukuzwa. Mimi nimekua nikichunga mbuzi kwetu. Punda wakifanya hivyo, mto unakuja. Lakini haya nimeyakumbuka saa hii tu. Siku ile mguu ulijua kabla yangu."

Mama wa yule msichana alikuwa ameketi upande wa wazazi.

"Asi!" akashangaa taratibu. "Mkono wa mtoto wangu uko kwenye plasta, na utapona. Kama maji yangemchukua, leo ningekuwa namtafuta wapi?"

Mwenyekiti alichukua kalamu akalikata lile neno. Akaniambia nimtajie jipya herufi kwa herufi. Nilimtajia "instinctively", polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha wakaamua: dereva abaki kazini, na taa za lori zitengenezwe kabla ya safari nyingine.

Nje nilimwomba msamaha. Nikamweleza nilichokuwa nimeandika na kilichotaka kumpata.

Alishika kiuno akacheka. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unatoa jasho hivyo! Mimi nilidhani ni malaria."

Tukaenda jikoni kwa wapishi, tukapewa muthokoi wa moto, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Nilikula sahani mbili, na yeye akinisimulia habari za mbuzi wa kwao.